Msinzano wa Nusu Uso

Siku mama yetu alipozikwa, mimi sikulia. Wanawake wa Mutsamudu walijaa sebuleni na uani, wakalia mpaka sauti zikawakauka, na mimi binti yake mkubwa nimekaa ukutani macho makavu, kiganja nimekiinua karibu na shavu la kushoto bila kuligusa. Wakasema Rahmati ana moyo wa jiwe. Wakasema nawaza nyumba, maana kwetu nyumba ni ya binti, na mkubwa ndiye wa kwanza. Wangejua. Chozi moja likiteremka kwenye shavu lile, basi tena. Umeme ulinipiga kuanzia sikioni hadi pembeni mwa mdomo, ukaenda ukarudi, nikabaki nimekodoa macho siwezi hata kumeza mate. Kwa hiyo nilijizoeza kutolia, kama wengine wanavyojizoeza kutotukana. Mimi kutukana sikuwahi kuacha.

Ugonjwa huo ulinianza baada ya talaka yangu ya pili, na walikuwapo waliosema ni laana ya mume. Upepo wa mlangoni uliuamsha. Kutafuna uliuamsha, kucheka uliuamsha. Nilipotawadha, upande mmoja wa uso niliuosha na upande wa pili niliugusa kwa ncha ya kidole kilicholowa huku nimeuma meno, na fundi aliyetusomesha Kurani aliniambia Mungu anajua. Niling'olewa magego mazima na watu waliojiita mabingwa wa meno. Na msinzano, ile liwa ya msandali ambayo mwanamke wa kwetu hujipaka usoni hata akienda dukani, mimi niliupaka nusu. Upande wa kulia wa manjano, wa kushoto mtupu. Watoto wa mtaani kwetu Hombo waliniita Bibi Nusu, na mama zao walijifanya hawasikii.

Daktari Mfaransa aliyekuwa na zahanati ndogo pale Hombo alikuwa wa kwanza kutotaka kuona meno yangu. Aliniuliza umeme unapita wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, hewani, bila kugusa. Akasema ni mshipa wa fahamu wa usoni, umeharibika, unapiga kelele bila kuulizwa. Akanipa vidonge vyeupe vya duara vyenye mstari katikati: nusu asubuhi na nusu jioni kwanza, kisha kuongeza polepole, kwa sababu dawa ile inalevya. Kweli ililevya, nilizunguka nyumba nikishika kuta. Halafu asubuhi moja nikanawa uso wote. Nilikaa kwenye ukingo wa birika la maji la uani nikaunawa tena, na tena, mpaka jirani akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Nilipokwenda kuchukua vidonge vingine, daktari aliuliza kitu kwa Kifaransa, na msaidizi wake Chanfi, kijana wa hapo hapo mjini, akanitafsiria: "Bibi Rahmati, na kuanguka, je? Huanguki?"

"Kuanguka vipi?"

Akanieleza kwamba dawa ile hasa ni ya watu wa kifafa. Mshipa wa kichwani ukiropoka mtu huanguka, wa usoni ukiropoka mtu huumwa kama mimi, na kinachoinyamazisha yote miwili ni kidonge hicho hicho. "Na ukishaizoea usiikate ghafla," akasema. "Wewe ukiikata utarudi kwenye maumivu yako. Lakini mtu wa kuanguka akiikata ghafla, huanguka vibaya kuliko mwanzo, na anaweza asiinuke."

Nilimjibu kwamba mimi sianguki. Nilirudi nyumbani nimekumbatia kopo langu, nikakaa kitako, nikamfikiria Nouriat.

Nouriat alikuwa binti wa mdogo wangu Moinahalima, mtoto pekee wa kike katika nyumba yetu, kwa kuwa mimi sikujaliwa kuzaa. Nyumba ya mama ingekuwa yake. Wazazi wake waliishi Moroni, baba yake Youssoufa akiwa karani wa forodha, na huko Moroni ndiko nilikomwona akianguka, siku nilipokwenda kuwatembelea. Alikuwa anaanika nguo uani. Akasimama kama aliyeitwa, akageuza shingo, akaenda chini juu ya yale mawe meusi ya volkano. Na mama yake alifanya nini? Alikimbia kufunga madirisha ya upande wa barabara kwanza. Madirisha, ndipo mtoto. Nilimchukia kwa muda wote ule wa makomeo mawili matatu, ingawa ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Walikuwa wamekwisha kumnywesha makombe ya kila mwalimu wa kisiwa kile cha Ngazija na kumchinjia jini mbuzi mweusi. Majirani waliambiwa ni malaria. Nilipomwambia Moinahalima kwamba kuna dawa, na kwamba dawa yenyewe naimeza mimi, aliniuliza jambo moja tu: "Nimpange foleni hospitalini na mama za watu, wamwone?"

Basi tukafanya tulivyoweza. Likizo ya shule ilipofika, Nouriat alikuja Mutsamudu kunisalimia, na daktari akapita nyumbani kwangu kunywa chai. Mtoto alikuwa na Kifaransa chake cha lise, shule ya sekondari, hakuhitaji mkalimani, hata Chanfi hakujua. Daktari alimpima, akampangia kiasi chake, akakubali vidonge vyake vichukuliwe kwa jina langu. Tangu hapo uso wangu mmoja ukala dawa ya watu wawili. Kila meli iliyokwenda Moroni ilibeba kopo la maziwa ya unga kutoka kwa Rahmati, karafuu juu, vidonge chini.

Na mtoto akapona. Au tuseme hakuanguka tena, ambayo kwa mama yake ilikuwa ni kitu kimoja. Akanenepa, akacheka, akawa mtani wa kupindukia. Alipokuja tena kwangu alichukua jiwe la kusagia msandali, akanikalisha kwenye kiti, akanipaka msinzano uso mzima, shavu la kulia na shavu la kushoto, kwa kidole chake, na mimi sikushtuka hata kidogo. Akarudi nyuma kunitazama.

"Mama Mkubwa," akasema, "kumbe wewe ni mzuri. Waume zako walikuwa wanaona upande gani?"

Nilimrushia kandambili. Nilimpenda mtoto yule kuliko nilivyopenda kitu chochote duniani, na sioni haya kulisema.

Uhuru ulikuja, tukapiga ngoma kama watu wote. Kabla mwaka haujaisha Wafaransa wakaondoka, na daktari wetu akaondoka nao. Alikuja kuniaga, akanipa vidonge vyote alivyoweza, akaniambia wengine wataleta. Hakuna aliyeleta. Chanfi alibaki peke yake pale zahanati na koti jeupe lililompwaya, akawa ndiye daktari, ndiye muuguzi, ndiye mfagiaji. Kila nilipokwenda alinipa pungufu ya mara iliyotangulia, akiinamisha macho. Nilianza kumeza nusu ili Nouriat apate kizima. Halafu robo. Halafu nikasema uso haujawahi kumuua mtu, nikaacha kabisa, vyote vikaenda Moroni.

Umeme ukarudi. Ulirudi kama mume aliyefukuzwa, na hasira juu. Nikawa nanywa uji kwa mrija wa papai, nikaacha kuzungumza isipokuwa kwa lazima, na wale waliokuwa wanauogopa ulimi wangu wakapumzika.

Ulipoingia utawala wa Mongozi, yule kiongozi wa mapinduzi, vijana wa kamati wakaweka meza mlangoni pa zahanati. Walisema wakubwa wa zamani wasijipendelee tena, dawa itatolewa mbele ya watu wote. Kwa lile la kwanza niliwaunga mkono kabisa. Chanfi akasimama penye meza, akatangaza kwamba vile vidonge vyeupe vimebaki kopo moja, na vitapewa wanaoanguka tu. Wenye maumivu watapewa aspirini. Na anayeanguka aje mwenyewe, aonekane.

"Bibi Rahmati," aliniambia kwa upole, "nisamehe. Maumivu hayaui."

Ningemwambia ukweli. Lakini mlangoni palikuwa na vijana wa kamati, nyuma yangu nusu ya wanawake wa Hombo, na katika hao nusu ni jamaa wa Mirontsy. Na Mirontsy ndiko alikotoka Ridjali, mwalimu wa shule, kijana mpole mwenye miwani, aliyekwisha kumposa Nouriat. Nilimwandikia Moinahalima: mlete mtoto aonekane, apewe dawa. Jibu lake lilikuja na meli ile ile iliyopeleka barua. Aliandika kwamba afadhali anizike mimi.

Alisema kweli yake, na mimi nikachukua kweli hiyo nikaifanyia kazi. Anayeanguka lazima aonekane. Haya. Nilijiuliza ni nani katika nyumba yetu anaweza kuanguka mbele ya watu bila kuharibikiwa na chochote. Mwanamke mzima, asiye na mume, asiye na mtoto, anayeitwa Bibi Nusu. Nani atamposa huyo hata aibu imzuie? Nilipolipata wazo hilo nilifurahi. Niliona nimewashinda akili wote, kamati, Mirontsy na mdogo wangu.

Nilikwenda zahanati asubuhi, foleni imejaa. Nilivaa shiromani yangu mpya, shuka letu la kujitanda, ili nianguke nikiwa na heshima. Nilisimama kama alivyosimama Nouriat, nikageuza shingo kama yeye, nikajiachia. Nilikuwa nimeyaona yote siku ile Moroni na sikuwa nimesahau hata moja: mikono, meno, kile kishindo cha visigino. Wanawake wakapiga kelele, wakasoma Ayatul Kursi. Mmoja akanisokomezea ufunguo wa chuma kiganjani, mwingine akaniletea kiatu ninuse. Ningevumilia yote hayo. Lakini mwema mmoja akachukua kitambaa kilicholowa akanipangusa povu, na akanipangusa shavu la kushoto. Yowe lililonitoka hapo halikuwa la mchezo. Walinyamaza wote, hata wale vijana wa mezani.

Chanfi aliniingiza chumbani, akafunga mlango, akanisaidia kukaa. Akanisalimu kama mdogo anavyomsalimu mkubwa kwetu: "Kwezi."

"Mbona," nikaitikia, kama mkubwa anavyoitikia.

"Umeanguka kwa upande wa kulia," akasema taratibu. "Na ulikinga shavu kwa mkono. Wanaoanguka hawachagui upande."

Nikamtazama tu. Mdomo ulikuwa haufunguki kwa maumivu. Nadhani aliona kitu machoni mwangu, kwa sababu aliinuka, akafungua kabati, akanipa kopo zima.

"Ni ya nani sitaki kujua," akasema. "Mwambie asiikate. Hakuna nyingine, Bibi Rahmati. Hii ikiisha, imekwisha, basi apunguze kidogo kidogo, asiache kwa siku moja."

Kopo lile sikumwamini mtu nalo. Nilipanda meli ya mizigo mwenyewe, shiromani nimeifunga mpaka machoni kuzuia upepo. Bandarini Moroni vijana wa huko walinisimamisha, wakanihutubia kwamba mwanamke wa Komori mpya hafichi uso. Niliwatukana kidogo. Mmoja akaivuta shiromani, upepo ukanipata, nikachutama pale pale nikiguna, na wao wakadhani ninaomboleza mila. Wakanihutubia tena.

Nyumbani kwa Moinahalima nililiweka kopo mezani nikamsimulia yote, kwa maneno machache, upande mmoja wa mdomo. Nilingoja anikumbatie. Yeye alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja, akamaliza lile rundo, ndipo akaniuliza: "Wewe ni nani wa Nouriat?"

"Mama yake mkubwa."

"Basi," akasema. Akakaa chini.

Ndipo nilipoona. Kwetu Komori mtu hufuata tumbo. Nyumba hufuata tumbo, jina jema hufuata tumbo, na ugonjwa nao, watu wanavyoamini, hupita humo humo. Mimi na Moinahalima ni tumbo moja, na Nouriat ametoka tumbo hilo. Ningekuwa shangazi yake, dada wa Youssoufa, ningeanguka mpaka nichoke na Mirontsy wasingejali. Lakini dada wa mama akianguka, ameanguka mama, na binti yuko njiani. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo. Nililijua mimi. Nilikuwa nimejihesabu mtu asiye na watu kwa sababu sina mtoto, nikasahau kwamba nina watu.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba ni mimi niliyemharibia. Waseme. Mtoto alikuwa anahitaji vidonge, na nilivipata.

Youssoufa alifukuzwa kazi pamoja na makarani wengine serikali ilipowafuta, na familia nzima ikarudi Mutsamudu, chini ya paa la mama. Haukupita muda Bweni Echat akaja, mama yake Ridjali, amekaa wima kwenye kiti chetu kizuri. Hakugusa chai. Kila mtu Hombo alikwisha kujua kwamba Rahmati anaanguka, na vidonge vyeupe vya Chanfi vilikwisha kupewa jina: vidonge vya kuanguka.

"Wanasema ndoa kubwa zimepigwa marufuku," Bweni Echat alisema. "Wamefuta ngoma. Hawajafuta nasaba."

Moinahalima alisema binti yake ni mzima.

"Ndivyo asemavyo mwanangu pia. Basi mwezi wa Ramadhani aje akae kwangu. Nina mabinti, atalala nao, atafunga nao, atapika nao futari. Akifika Idi bila kitu, tutafunga ndoa Idi pili. Na aje na nguo zake tu, vya kujipaka na kujifukiza vipo."

Kila mtu pale alielewa maana ya maneno hayo. Mfuko ungepekuliwa. Nouriat mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, na nilisikia alivyokuwa anajizuia kucheka, kwani alikuwa anampenda yule mwenye miwani na kwake yeye mwezi mmoja karibu naye haukuwa adhabu.

Nilitafuta njia. Nilimwonyesha Moinahalima kijaluba changu cha msandali chenye tako la uwongo, nikamwambia: avifiche humu, ameze wakati wa daku na wakati wa futari, saumu haina shida. Hakuna atakayempekulia bibi harusi msandali wake. Alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona kwa macho yangu akivipanga vile vidonge ndani ya kijaluba, na roho yangu ikatulia.

Siku waliyoondoka, mimi nilikuwa nimelala kwa maumivu. Nouriat aliingia kuniaga, akapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amejipaka msinzano, na nilipoangalia vizuri nikaona amejipaka nusu uso, upande wa kulia tu. Alitaka nicheke. Sikuweza kucheka, sikuweza hata kusema, kila neno lilikuwa linapita kwenye umeme ule. Niliinua mkono nikamshika kidevu.

"Idi nitakuja kukupaka mimi mwenyewe," akasema. "Uso mzima. Utaona."

Nilimfumbia jicho. Hiyo ndiyo kwaheri yetu.

Kutoka Hombo hadi Mirontsy ni mwendo wa kutembea. Kila siku nilijiambia nitakwenda kumwona, na kila siku upepo wa baharini ulinirudisha mlangoni. Wapita njia walituletea habari: mtoto ni mzima, anapika vizuri, Bweni Echat anamsifia ubu wake, ule uji wa futari. Moinahalima aling'ara. Alianza kuzungumza kuhusu mapazia.

Nouriat alianguka kabla ya mwezi kufika nusu, alasiri, jikoni, akikoroga huo ubu. Haya nimeyapata kwa Ridjali, aliyekuja kunisimulia mwenyewe, miwani mkononi. Alianguka mara ya kwanza, na mabinti wakafunga mlango. Kabla hajarudiwa na fahamu akaanguka tena. Na tena. Wakamwita mwalimu wa Kurani asome. Ridjali akataka kumbeba ampeleke kwa Chanfi, na mama yake akasimama mlangoni, akasema watu wote wako barabarani wananunua vitu vya futari, wangoje kwanza jua lizame. Bweni Echat naye alikuwa anafunga madirisha yake. Ridjali alimsukuma mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akambeba mikononi njia nzima mpaka Hombo, katikati ya watu wote hao. Chanfi alimlaza juu ya ile meza ya kamati. Mwili ulikwisha kutulia.

"Chanfi alikuwa anauliza kitu kimoja tu," Ridjali aliniambia. "Aliniuliza: vidonge viko wapi? Mimi sikujua anazungumza kuhusu vidonge gani. Nouriat angeniambia. Mama Rahmati, ningemwoa hivyo hivyo. Angeniambia tu."

Nami niliuliza swali lile lile, ndani ya kichwa changu, kwa sababu mdomo ulikuwa umefungwa. Tulimzika kesho yake. Wanawake walijaa sebuleni na uani, wale wale, wakalia mpaka sauti zikawakauka. Mimi nimekaa ukutani macho makavu, kiganja karibu na shavu. Yalinijaa machozi mpaka kichwa kikauma kwa ndani, nikayazuia, kwa sababu mwili una woga wake ambao haujali umefiwa na nani. Niliwasikia wakinong'ona. Hata kwa huyu, walisema. Hata kwa huyu hajalia.

Baada ya hitima watu walipotawanyika, Moinahalima alikuja chumbani kwangu. Alikuwa amebeba kopo la maziwa ya unga. Aliliweka juu ya kitanda, na lilipogusa godoro nikasikia vidonge vikicheza ndani. Vilikuwamo vyote, vile vile vya kijaluba.

"Niliviondoa asubuhi ile," akasema. "Niliogopa watapekua. Nilisema ni mwezi mmoja tu. Miaka yote hii hajaanguka, Rahmati. Nilijua amepona."

Nikafungua kifuniko, nikatazama ndani.

"Nilimwambia mwenyewe, sikumficha. Akasema sawa, kama haviendi basi mpe Mama Mkubwa, yeye anaumwa. Akasema hivyo mara mbili, mlangoni, viatu mguuni. Mpe leo hii." Moinahalima alikuwa anatazama ukuta. "Nikasema nitakupa. Lakini nikawaza, akirudi Idi atavihitaji, na hakuna vingine. Nikaviweka kwenye sanduku langu la nguo."

Sanduku lenyewe liko chumba cha pili. Ukuta mmoja tu. Mimi nimelala upande huu nikinywa uji kwa mrija, mtoto yuko Mirontsy akikoroga ubu, na vidonge vimekaa katikati yetu, juu ya nguo za mdogo wangu, havimsaidii mtu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumwambia maneno ambayo yangebaki naye mpaka kaburini. Nikamtazama, nikaona hakuna neno langu litakaloongeza chochote juu ya yale aliyokwisha kujiambia. Akatoka, akaenda kufunga madirisha, sijui kwa ajili ya nani.

Nilikaa na lile kopo siku hiyo na siku iliyofuata. Nilifikiri kulitupa baharini. Nilifikiri kulirudisha kwa Chanfi, na siku moja nitalirudisha, na vidonge vitakavyobaki. Kisha nikachukua kidonge kimoja, nikakivunja kwenye mstari, nikameza nusu, kama daktari alivyonifundisha, polepole, kwa sababu inalevya. Sikuvimeza ili nipone. Tangu hapo nimepona au sijapona ni mamoja kwangu.

Dawa iliposhika, niliketi kwenye ukingo wa birika, nikagusa shavu la kushoto kwa kidole. Kimya. Nikaacha yateremke. Yaliteremka ya mtoto na ya mama pamoja, yakapita pale pale palipokuwa na umeme, yakafika kidevuni, na hapakuuma kitu. Nililia kwa sauti, kama wanavyolia wenzangu. Jirani alichungulia juu ya ukuta akiwa na ndoo mkononi, akauliza kuna nini tena, matanga si yamekwisha.